Miaka kumi na miwili kwenye usukani wa Lincoln

Juu ya kitasa cha mlango wa dereva wa Lincoln Town Car kuna vitufe vitano vidogo vilivyopangwa safu moja. Kila kimoja kina tarakimu mbili: 1 na 2, 3 na 4, mpaka 9 na 0. Unabonyeza namba yako ya siri, mlango unafunguka bila ufunguo. Ukibonyeza viwili vya mwisho kwa pamoja, milango yote inajifunga. Usiku wa kwanza niliokabidhiwa gari hilo, Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, mwaka 2001, nilishuka ngazi mara mbili kutoka orofa ya tatu kwenda kufungua na kufunga tu. Ilikuwa miaka miwili tangu nitoke Mombasa, na maishani mwangu sikuwa nimeaminiwa kitu cha thamani ile.

Miaka hiyo miwili nilikuwa naosha magari katika kampuni ya magari ya kukodi yenye madereva, yale meusi yanayowachukua watu wa maofisi ya Manhattan kuwapeleka viwanja vya ndege vya Newark, LaGuardia na JFK. Kampuni ilikuwa na magari arobaini na kitu, na ukitoa mawili, yote yalikuwa Town Car. Nilizijua kwa mikono kabla sijazijua kwa usukani. Najua maji yanajificha wapi chini ya mpira wa buti. Najua jinsi chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inavyong'ang'ania nyuma ya gurudumu, na kwamba ukifuta rangi nyeusi kwa kitambaa chenye chembe moja ya mchanga, alama yake utaishi nayo.

Leseni nilikuwa nayo, lakini aliyenifundisha kazi ni dereva mmoja mzee, mtu wa Haiti. Alikaa siti ya nyuma upande wa kulia, mahali anapokaa mkubwa, akafungua gazeti, akaniambia nimpeleke Newark na kumrudisha. Kila alipopoteza mstari aliokuwa akiusoma, aligonga siti yangu kwa kidole. Kwenda, aligonga mara nyingi mno. Wiki ya tatu tulifika uwanjani hajanigusa, na aliposhuka alikunja gazeti lake, akanipa mkono. Alinifunza pia kwamba mlango wa abiria haupigwi. Unausindikiza mpaka ukae wenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa linamsaidia dereva. Lilikuwa na urefu wa karibu mita tano na nusu, injini ya V8 ya lita 4.6 isiyopiga kelele, na nyuma badala ya springi za chuma lilikuwa na springi za upepo zilizolibeba kama machela. Buti lake lilimeza masanduku manne makubwa ukabaki na nafasi ya mkoba. Siku nilipomtumia mama picha nimesimama ubavuni mwake nimevaa suti, aliipeleka kwa majirani. Jina Lincoln walilijua hata ambao hawajui Marekani iko upande gani. Kwao lilikuwa gari la Kennedy.

Na kweli lilikuwa gari la Kennedy. Mwaka 2006 nilialikwa harusi karibu na Detroit, na kesho yake nikamwomba mwenyeji wangu anipeleke Dearborn, kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford. Lipo pale gari alimopigwa risasi rais yule, Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Ni Lincoln Continental ya 1961 iliyorefushwa. Siku ile ilikuwa ya buluu iliyokolea, wazi juu. Baada ya msiba waliifanyia kazi upya, wakaiwekea paa na kinga ya risasi, wakaipaka nyeusi, na marais waliofuata wakaendelea kuitumia mpaka 1977. Milango yake ya nyuma bawaba ziko nyuma, kwa hiyo ule wa mbele na ule wa nyuma hufunguka kama milango ya kabati. Nilisimama pale mpaka mwenyeji wangu akaja kunitafuta.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kusoma habari za gari nililolilalia na kuliamkia. Lincoln ilianzishwa mwaka 1917 na Henry Leland, mtu wa miaka 74 wakati huo, ambaye kabla yake alikuwa ameiasisi Cadillac, chapa nyingine ya magari ya kifahari. Aliipa jina la rais aliyempigia kura yake ya kwanza, mwaka 1864. Walianza na injini za ndege za vita, magari yakaja 1920, na mwaka 1922 Henry Ford akainunua kwa dola milioni 8 ikiwa imeshindwa kujiendesha. Mwanawe, Edsel, ndiye aliyeipenda na kuilea.

Ila kilichonigusa zaidi ni habari za ile Continental ya 1961. Magari yaliyoitangulia yalikuwa makubwa kupita kiasi na yalikuwa yanaitia kampuni hasara. Wakalifupisha gari kwa zaidi ya sentimita 35, wakalivua mapambo, wakabakiza aina mbili tu, lenye paa na lisilo na paa. Halafu kila injini iliendeshwa kwa muda wa saa tatu kiwandani, ikafunguliwa ikaguliwe, na kila gari likatolewa barabarani maili 12 kabla ya kumfikia mnunuzi. Walitoa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, na hapakuwa na mwenzao Marekani aliyethubutu kiasi hicho wakati ule. Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee wa Haiti na gazeti lake. Watu wale walipata heshima kwa kugongwa kwenye siti mpaka wakajua kazi.

Sasa niseme nilichokiona mimi.

Asubuhi za Jumatatu, kwenye foleni ya kuingia Lincoln Tunnel, njia ya chini ya mto ya kwenda Manhattan, mara nyingi nilijikuta nimebanwa kati ya teksi ya njano upande huu na gari la polisi upande ule. Teksi ilikuwa Ford Crown Victoria. Polisi walikuwa na Crown Victoria. Na langu, ukiondoa bodi na ngozi za siti, lilikuwa gari lile lile: fremu ya aina moja, V8 ya ukoo mmoja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Fundi wetu gereji alikuwa haulizi spea ya Lincoln. Aliagiza ya polisi, ikaingia bila shida. Kwetu sisi wa kutafuta riziki hiyo ilikuwa neema kubwa. Spea ziko kila kona, kila fundi analijua gari, na mtu alifikisha maili 300,000 injini haijafunguliwa. Sitalisema vibaya gari lililonisomeshea watoto.

Lakini abiria naye ana macho. Anayeketi nyuma ya Lincoln kwa dola themanini jioni, kesho yake anapanda teksi kwa dola kumi na tano, anaona swichi za dirisha zinafanana. Ford walianza mchezo huo mapema. Mwaka 1977 walichukua Ford Granada, gari la kawaida kabisa, wakaliwekea grili na jina la Lincoln Versailles, wakalipandisha bei. Lilikufa 1980. Cadillac nao wakafanya hivyo hivyo 1982 kwa Cimarron, iliyotokana na Chevrolet. Mnunuzi wa gari la kifahari unaweza kumdanganya mara moja, na akishajua hasemi kitu, anahama tu.

Town Car haikuwa udanganyifu wa namna hiyo. Ile ya 1990 ilipata tuzo ya gari la mwaka ya jarida la Motor Trend, na ilistahili. Mwaka 1998 ikapewa sura mpya ya mviringo, na mwaka huo huo Lincoln iliuza Marekani magari zaidi ya 180,000, ikawa juu ya chapa zote za kifahari, hata Cadillac. Navigator, lile gari refu lililojengwa juu ya Ford Expedition, lilichangia sana ushindi ule. Mwaka 2003 Town Car ikaboreshwa upande wa chini, fremu na usukani. Baada ya hapo, miaka minane, walilitengeneza vile vile. Mwaka ukiingia nilikuwa nakabidhiwa gari jipya, nakaa ndani na mkono unajua kila kitu kilipo gizani. Mimi nilifurahi. Aliyepaswa kufurahi ni mwenye fedha zake, na yeye hakuwa tena anatazamwa.

Nilikuwa na mteja mmoja, daktari mstaafu. Nilimwita Daktari miaka yote, naye aliniita kwa jina langu la kwanza na akalitamka sawasawa, jambo ambalo si wengi walijali. Mwenyewe alikuwa na Town Car nyeusi. Alikuwa amezinunua moja baada ya nyingine tangu miaka ya themanini, ila hakupenda kuliacha gari lake uwanja wa ndege kwenye theluji, ndiyo maana akanihitaji. Kila nilipofika alikuwa anatoka nje, anatembea polepole kulizunguka gari langu, analilinganisha na lake.

Siku moja, tukielekea Newark, alikuwa kimya kuliko kawaida. Tulipofika kwenye Turnpike, ile barabara kuu ya kulipia, akanisimulia. Wiki iliyotangulia alikuwa Manhattan, amesimama mbele ya hoteli akimsubiri mkewe. Amevaa koti zuri jeusi, injini inanguruma taratibu. Kijana mmoja akafungua mlango wa nyuma, akatupa mkoba, akaketi, akasema: LaGuardia. Daktari akageuka akamwambia, "Hili ni gari langu." Kijana, macho kwenye simu, akajibu, "Najua ni lako. Nimechelewa, twende."

Nilimwomba radhi kana kwamba ni mimi niliyefanya. Akasema, "Wewe huna kosa. Ila gari hili sasa ni lako, si langu." Hakulisema kwa dharau, na sikulichukua kwa ubaya. Alikuwa ametaja jambo ambalo nimelifikiria mpaka leo.

Mwaka uliofuata nilipoingia kwenye yadi yake nilikuta Lexus ya kijivu. Alinitembeza kulizunguka kama alivyokuwa akifanya, lakini safari hii haraka.

Mambo ya namna hii niliyaona utotoni. Mjomba wangu alikuwa na Pijo 504, na enzi hizo Pijo ni gari la mwalimu mkuu, la daktari, la bwana mkubwa wa serikali. Kisha zile ndefu zikaanza kubeba abiria wa safari za bara, siti tatu, watu wamejaa, mizigo juu. Zilibeba vizuri sana. Lakini wenye kustahi sura zao wakaziacha, na mjomba naye, aliyekuwa anaipenda ile Pijo kuliko nyumba, akaiuza siku mtu alipomsimamisha njiani akamuuliza nauli ya Voi. Gari likishakuwa la kazi, mwenye nalo huonekana mtumishi, na si wengi wana moyo wa kuonekana hivyo bila kuumia. Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo, sikuumia. Daktari alikuwa amelipa bei ya gari jipya ili aheshimiwe.

Baada ya hapo nikaanza kuhesabu. Nilipowashusha wateja wangu majumbani, Summit, Short Hills, mpaka Greenwich kule Connecticut, nilitazama yadi zao. Hawa ni watu waliokaa nyuma ya Lincoln mara mbili tatu kwa wiki. Walisinzia humo, walifanya biashara humo, wengine walilia humo. Yadini niliona Mercedes, BMW, Lexus, Audi. Town Car niliziona kwa wazee, na kila mwaka zikapungua. Katika watu wote walioifahamu Lincoln kwa karibu kiasi kile, hakuna hata mmoja aliyeniuliza inauzwa bei gani.

Lexus nayo sikuwa na chuki nayo. Ilipoingia Marekani mwaka 1989 na LS 400, gari la dola 35,000 hivi, ilikuwa chapa changa kabisa ya Toyota. Miezi michache tu ikagundua kasoro, ikabidi iwaite wenye magari kama 8,000. Ingeweza kufa pale. Badala yake walitumana nyumbani kwa wateja, wakachukua magari, wakayatengeneza, wakayarudisha yameoshwa na yamejazwa mafuta, wakamaliza yote chini ya mwezi. Ni roho ile ile ya Lincoln ya 1961 na maili zake 12. Ilikuwa imehamia kwa wengine, na Ford walikuwa na kumbukumbu zake kwenye jumba la makumbusho dakika chache kutoka makao yao makuu.

Town Car ya mwisho ilitoka kiwandani St. Thomas, Ontario, tarehe 29 Agosti 2011, na wiki chache baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa. Kile cha Wixom, Michigan, kilichotengeneza Lincoln tangu miaka ya hamsini, kilikuwa kimeshafungwa 2007. Gereji kwetu siku ile hapakuwa na maneno mengi. Fundi alizima redio. Mwenzetu mmoja wa Tanga akasema, "Haya, jamani, wametuzikia ndugu," akaendelea kusugua rimu.

Badala yake tuliletewa MKT. Na hapa uchungu wangu ni wa mtu aliyependa. Kwa miaka kadhaa Lincoln walikuwa wamechukua majina yenye historia, Zephyr, Continental, Town Car, wakayaweka kabatini, wakaanza kuita magari kwa herufi: MKZ, MKX, MKS, MKT, baadaye MKC. Zephyr iliyorudi 2006 haikumaliza miaka miwili ikawa MKZ. Wewe fikiria mimi niko chini ya uwanja wa ndege saa tano usiku, mvua, magari meusi mia mbili, abiria ananipigia simu anauliza gari gani. Zamani nilisema Lincoln, akalitafuta kwa macho, akaliona. Sasa namwambia MKT, anasema nini? Narudia. Anasema, niambie tu namba za gari. Jina lililobebwa na rais lilikuwa limekuwa kitu cha kutafutwa kwa namba za usajili. Mwaka 2012, mwaka ambao waliamua kuiita tena rasmi Kampuni ya Magari ya Lincoln, mauzo Marekani yalikuwa chini ya 90,000, chini ya nusu ya yale ya 1998.

Niliacha kazi hiyo 2013. Simu zilikuwa zimeanza kuita magari zenyewe, na kwa malipo yale sikuona faida. Lakini kabla ya kuondoka niliinunua Town Car yangu mwenyewe kwa kampuni, ya mwaka 2010, ikiwa na maili 268,000.

Waliporudisha jina la Continental, nikaenda kuliona dukani, majira ya kupukutika majani ya 2016. Nataka kuwa mkweli: lilikuwa zuri. Kitasa chake kimezamishwa kwenye ukanda wa chuma chini ya dirisha, unagusa kwa ndani na mlango unaachia bila sauti. Nilifungua na kufunga mara nyingi, muuzaji akaniacha. Niliona mtu fulani ndani ya kampuni ile alikuwa bado anakumbuka. Mwaka 2019 wakatoa 80 zenye milango ya kabati, kuadhimisha miaka themanini ya Continental ya kwanza, kila moja zaidi ya dola 100,000, na zikaisha upesi. Wenye fedha walikuwapo wakati wote. Mwaka 2020 wakaachana na saluni, magari ya chini, kwa soko la Marekani, Continental na MKZ pamoja. Tangu hapo Lincoln za huku Marekani ni gari za juu tu, kama Nautilus, Aviator na Navigator. Angalau zina majina tena.

Mwezi uliopita swichi ya dirisha la nyuma ilikufa, nikaenda kwenye yadi ya magari mabovu huko Newark. Zilikuwapo Town Car nne zimepangwa, zote nyeusi, rangi imebabuka juu ya paa. Niliingia ndani ya moja baada ya nyingine. Siti ya dereva imeliwa ukingo wa kushoto, pale mtu anapoteremkia mara hamsini kwa siku. Nyuma upande wa kulia ngozi imelainika na kuchanika. Nyuma kushoto haijambo. Na siti ya mbele, ile ya pembeni ya dereva, katika magari yote manne ilikuwa mpya, ngozi bado ina harufu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuikalia. Niliketi hapo kidogo, kwenye ya tatu, nikatazama kioo cha mbele kilichopasuka. Kisha nikafungua swichi yangu kwa bisibisi, nikailipia dola kumi na mbili langoni, nikarudi kwenye gari langu na kubonyeza namba zangu tano.